Kitambaa cha kaki na kichuguu: nilivyopata kificho cha kuwindia kanga

Kanga wa kwanza alitoka kwenye majani jua likiwa bado halijagusa vilele vya miti. Alikuwa hatua kama arobaini kutoka kwangu. Mimi nilikuwa nimeketi ndani ya kibanda cha kuvizia cha kitambaa, kile cha kukunjwa na kubebwa mgongoni, nilichokinunua kwa dola 140 pamoja na usafiri na kukingoja wiki tisa. Kanga alisimama. Aliinua shingo, akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule. Nyuma yake wenzake walikuwa wanajipanga, labda kumi na wanane. Kisha akatoa ile sauti yake kavu, kama kijiko kinachokwangua chungu, na kundi zima likageuka likakimbilia dembo, lile bonde la majimaji. Sikuwa nimesogeza hata kidole.

Baba yangu mdogo alikuwa ameketi peke yake chini ya kichuguu, mbali nami kidogo, ndani ya koti lake la kaki la siku zote. Hakuwa na kibanda chochote. Kanga walipokimbia walimpita karibu sana, karibu kiasi cha kuwarushia fimbo. Bunduki tulikuwa nayo moja, nami ndiye niliyeishika, basi aliwatazama tu wakipita. Akaja polepole, akasimama mbele ya kibanda changu, akakitazama kwa muda mrefu.

“Mwana,” akaniambia, “hii nyumba yako iko nasema.”

Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, njia ya Kasenga, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa pikipiki kutoka Lubumbashi, huku kwetu Kongo. Tangu siku hiyo imepita miaka sita. Nimekuwa na vificho vyangu vya namna tatu, viwili vya kununua na kimoja cha kushona, na kila mwaka kiangazi kikianza kuna kijana anayekuja kuniuliza anunue kipi ambacho hakitamaliza mshahara wake. Jibu langu limekuwa refu kuliko anavyotarajia.

Lakini kabla ya kitambaa, karatasi. Karatasi ya bunduki ni moja, kibali cha kuwinda ni kingine, na kuwa na cha kwanza hakukupi cha pili. Sheria yetu ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982, na ndani ya hifadhi kama Upemba na Kundelungu huwindi hata panzi. Mimi nawinda kanga na kwale kwenye mashamba ya watu wanaonijua, kwa ruhusa yao, na kanga mmoja katika kila wawili ninaopata hubaki kwa mwenye shamba. Mwenye shamba anafurahi kwa sababu kanga hufukua mbegu zake wakati wa kupanda, mimi nafurahi kwa sababu yeye ndiye anayejua wanalala mti gani.

Sasa, kile kibanda cha kwanza. Kilikuwa cha chuma chembamba cha kujikunjua chenyewe: unakitoa kwenye mfuko kikiwa duara kama sinia kubwa, unakiachia, kinaruka na kusimama. Upana wake mita moja na nusu kila upande, kimo mita moja na sentimita sitini na tano. Kwenye picha kilikuwa kizuri sana. Rangi yake ilikuwa mabaka ya kijani kibichi, kijani kilichoiva na hudhurungi. Na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokaa, kosa ambalo pesa nyingi zaidi zisingelirekebisha.

Fikiria pori letu la miombo lina rangi gani wakati tunapowinda. Mvua kwetu inaanza Novemba, inaisha karibu Aprili. Wakati wa mvua kanga wanataga na kulea, mtu mwenye utu hawagusi, na majani ni marefu mno hata ukitaka. Kwa hiyo tunawinda kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba majani yamekauka, rangi yake ni ya nyasi za paa kuukuu. Mwezi wa nane moto umepita, ardhi ni nyeusi tii, na vishina vya majani vimesimama kama nywele zilizochomwa. Mwezi wa tisa, kabla ya tone moja la mvua kuanguka, miti ya mitondo na wenzake wanatoa majani mapya, na majani hayo si ya kijani: ni mekundu, ya shaba, ya rangi ya divai. Mgeni akiliona pori la Katanga mwezi wa tisa anadhani ni vuli ya Ulaya. Katika miezi hiyo yote minne, kijani kibichi kipo wapi? Kipo dembo, mahali penye unyevu, na kwenye miembe ya kijijini. Kibanda changu kilikuwa mwembe uliosimama peke yake katikati ya shamba kavu. Wale waliokichora walikichorea misitu ya kwao, Marekani au Ulaya, na huko huenda kinafaa kabisa.

Kosa la pili sikuliona kwa macho yangu, na ndilo linalowapata wengi. Kitambaa cha poliesta cha bei ya chini hung'aa. Kwetu sisi kinang'aa kidogo tu, jua likikipiga kwa upande. Kwa ndege ni jambo jingine. Ndege wanaona rangi kuliko sisi, na jamii ya kuku, ambamo kanga yumo, wanaona hata sehemu ya mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, ambao jicho la binadamu halina habari nao. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kufanya nguo ionekane nyeupe na mpya, na dawa hiyo inafanya kazi kwa kuuchukua mwanga huo usioonekana na kuurudisha kama ubuluu unaowaka. Nami, kwa kukipenda kibanda changu, nilikuwa nimekifua kwa sabuni ya unga kabla ya kwenda nacho, ili kiondoe harufu ya kiwandani. Sasa nafua kwa maji matupu, na kama kuna damu au mafuta, sabuni ya kipande ya kawaida.

La tatu ni madirisha. Kibanda kilikuwa nayo manne, moja kila upande, na nilikuwa nimeyafungua yote manne ili nione pande zote. Nikawa nimekaa katikati ya taa. Mwanga uliingia kwa nyuma, ukanichora kama kivuli cha sinema, na kila nilipopumua kile kivuli kilipumua. Ndani ya kibanda cha namna hii giza ndilo kila kitu. Ndiyo maana vibanda vizuri hupakwa rangi nyeusi upande wa ndani, na ndiyo maana anayekaa ndani avae cheusi au rangi nzito, mikono na uso pia, si nguo za rangi ya majani. Madirisha ya nyuma yafungwe, ya mbele yafunguliwe ufa wa kutosha macho na mdomo wa bunduki tu. Ukitaka kujua kama kibanda kinafaa, usikiangalie kutoka nje kikiwa tupu. Mweke mtu ndani, uende hatua thelathini, umwambie ainue mkono. Ukiuona mkono, kanga ameuona mara kumi.

Na zipu! Dirisha la kile kibanda lilifunguliwa kwa zipu. Saa kumi na mbili asubuhi ya mwezi wa saba, hewa imetulia, baridi inauma vidole, zipu ni tarumbeta. Vibandiko vya kunata ni vibaya zaidi, vile vinavyochanika kwa mlio unapovitenganisha. Kinachofaa ni kitufe cha mti kinachoingia kwenye kitanzi cha kamba, au kulabu, vitu ambavyo bibi zetu walivitumia kwenye mifuko yao.

Kibanda hicho kilikufa kifo cha kawaida cha vitu vya namna yake. Upepo wa mwezi wa nane ulikiinua kabla sijamaliza kukifunga, chuma kikajipinda, na chuma cha namna ile kikishajipinda hakinyooki tena, hakuna mchomeaji wa mitaa yetu ya Katuba wala Kampemba anayeweza kukisaidia. Vile vingine, vyenye vijiti vya fiberi vinavyokutana kwenye kifundo katikati ya kila ukuta, unavivuta kifundo kimoja kimoja mpaka ukuta unajibinua, vinasimama imara zaidi kwenye upepo, na nimekaa ndani ya kimoja cha rafiki yangu. Ni kizuri. Lakini kina kilo karibu nane na urefu wa mfuko wake unanifika kifuani, na mimi kutoka barabarani hadi shambani naenda kwa baiskeli, kinga kama tunavyosema Lubumbashi, juu ya njia ya wachoma makala, yaani mkaa. Kilo nane za kibanda, bunduki, maji, bukari (ugali) ya mchana, na kurudi labda na kanga watatu. Kijiti cha fiberi kikivunjika, kinapasuka nyuzi nyuzi na kuingia mkononi, na cha kubadilishia kinatoka kulekule kilikotoka kibanda.

Kuna jambo jingine kuhusu kile cha kwanza ambalo sikulifikiria hata kidogo, na naliweka hapa kwa msisitizo kwa sababu linaweza kukugharimu zaidi ya kanga. Yale mabaka. Tulipokuwa tunarudi mjini, kwenye kizuizi kimoja cha barabara, karatasi zangu za bunduki zilisomwa, kibali kikasomwa, kila kitu kikakutwa sawa. Kisha mfuko ukafunguliwa. “Nguo hii ya kijeshi umeitoa wapi?” Nilieleza kwamba si nguo, ni hema dogo. Nikalisimamisha pale pembeni ya barabara, likaruka na kusimama, na hiyo ikaongeza maswali badala ya kuyapunguza. Tulikaa saa tatu. Baba mdogo, mtu wa miaka zaidi ya sitini, alikaa juani saa tatu kwa ajili ya rangi ya kitambaa changu. Sikuwalaumu wale vijana. Katika nchi iliyoona tuliyoyaona, mtu wa raia mwenye bunduki na kitambaa cha mabaka lazima aulizwe. Na mizigo yetu mingi hupita Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa, na huko Zambia raia kuvaa mabaka ya kijeshi ni kosa kwa sheria. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: ukiagiza kibanda, agiza cha rangi moja, ya udongo au ya majani makavu, au chenye picha ya majani na matawi. Mabaka yaache hata kama ni ya bei ya kutupa.

Mwaka uliofuata nilijaribu bashi, lile turubai la plastiki la kufunikia magunia. Sina mengi ya kusema. Ni nafuu, halipitishi mvua, na linapiga kelele kwa kila upepo kama mtu anayekunja gazeti. Linang'aa hata usiku wa mbalamwezi. Nililitumia mara mbili, sasa linafunika kuni.

Baada ya hapo nilikaa msimu mzima bila kibanda chochote, nikimfuata baba mdogo na kufanya anavyofanya. Huo ndio msimu niliojifunza.

Huku kwetu mtu kama yeye huitwa fundi, na neno hilo halimaanishi tu kwamba anajua kupiga. Wiki nzima kabla ya siku ya kuwinda, fundi hawindi. Anapita shambani kila jioni, anatazama kanga wanapanda mti upi kulala, na asubuhi anatazama wanashuka upande gani. Wakishashuka wanapita njia ileile karibu kila siku, kwa miguu, kwa sababu kanga anapenda kukimbia kuliko kuruka. Kwenye njia hiyo, hatua kama ishirini na tano pembeni, anaangusha matawi machache makavu na kuyaegemeza kwenye kichuguu. Basi. Anaondoka. Kanga siku ya kwanza wanayazunguka yale matawi kwa mbali. Siku ya tatu wanapita karibu. Siku ya tano nimewaona kwa macho yangu wakichakura mchwa chini yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hasubiri kwenye maji, maana mwezi wa tisa maji yamebaki mahali pawili tu na kila mnyama lazima aje. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Kwenye maji unaua kiu,” alisema. Sikuuliza tena, na mimi pia sikai penye maji.

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimenunua nini. Nilinunua umbo, na umbo pori linatoa bure. Umbo ambalo kanga wamelizoea kwa siku tano ni bora kuliko umbo lolote lililochorwa kiwandani na kusimamishwa alfajiri ileile. Na kibanda cha dola 140 huwezi kukiacha porini siku tano; utakikuta kimekuwa mapazia ya mtu. Matawi hakuna anayeyaiba. Kilichobaki kwangu kununua kilikuwa vitu viwili tu, giza na ukimya, kwa sababu mimi si baba mdogo. Yeye anaweza kukaa saa mbili bila kukohoa. Mimi nina mguu unaokufa ganzi na nina mikono inayotafuta kazi, nahitaji kitu cha kunifunika ninaposogea.

Nikaenda soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi wenye jina la ile nchi, nikanunua mita nne na nusu za kaki nzito ya pamba, ile inayoshonewa nguo za kazi, upana wa mita moja na nusu. Kaki ya pamba haing'ai, haipigi kelele matawi yakiigusa, na jua la msimu mmoja linaifanya iwe bora zaidi, inapauka kama majani. Nilimpelekea mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo mwenye cherehani. Tulikata kimo kibaki mita moja na sentimita ishirini, na kile kipande cha juu tukakitumia kushonea mifereji mitano ya kupitisha vijiti, na mifuko miwili ya ndani ya kuwekea kartushi, zile risasi, ili zisigongane. Upande wa ndani nilimwomba atie bitana nyeusi. Akasema itaongeza bei. Nilimwambia aongeze, maana hiyo bitana ndiyo kibanda chenyewe, kaki ni koti lake tu. Vijiti ni vyuma vya ujenzi vya milimita 8, urefu wa mita moja na sentimita thelathini, vimechongwa ncha upande mmoja na kupakwa rangi ya udongo. Ncha ni lazima: udongo wetu wa kiangazi ni tofali, kijiti cha plastiki kinavunjika kabla hakijaingia.

Kila kitu pamoja, kitambaa, bitana, kushona na vyuma, kilinigharimu dola 43. Uzito kilo tano kasoro. Kinakunjwa kama mkeka na kufungwa kwenye fremu ya kinga.

Hakina paa. Watu wakikiona hilo ndilo la kwanza wanalouliza. Paa langu ni kichuguu. Anayetoka Lubumbashi anajua ninachosema: vichuguu vyetu si vile vya kupiga teke, vingine vinapita mita tano kwenda juu na vina miti yake mgongoni. Naweka kichuguu nyuma yangu upande wa mashariki, nakaa nikitazama magharibi. Jua la asubuhi linachomoza nyuma ya kichuguu, kivuli chake kinanilalia hadi karibu saa tatu, na kanga wanaokuja wana jua machoni. Mgongo wangu ni udongo mweusi, si anga. Kitambaa kinanizunguka mbele kama nusu duara, nyuma ya yale matawi yaliyozoeleka, na kichwa changu kiko katikati ya vijiti vya majani niliyoyachomeka juu.

Kwa kanga hesabu hiyo inatosha, kwa sababu kanga hategemei pua. Ukimtaka paa, yule mnyama, hesabu inageuka. Kiangazi upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, na ukikaa nikaavyo mimi unampelekea habari zako zote kabla hajafika. Kwa paa utakubali jua la machoni ili upepo ukupige usoni. Kitambaa kipya nacho kina harufu yake, kining'inizwe nje siku kadhaa, na si mjini, kwenye moshi wa makala na mazuti (dizeli), bali kule shambani. Mwenye shamba wangu hukianika kwenye ua la jiko lake la nje, na moshi wa kuni za kijijini haujawahi kumshtua mnyama wa pale, wamezaliwa wakiunusa.

Kuhusu bunduki, maneno machache. Yangu ni ya kalibri 12, na kutoka kitakoni hadi mdomoni inapita mita moja. Ndani ya vibanda vidogo vya dukani, vile vya mtu mmoja, haigeuki bila kugonga ukuta, na kugonga ukuta ni kukosa. Kabla hujanunua, chora duara la kibanda hicho chini kwa mkaa, ukae katikati na fimbo ya urefu wa bunduki yako, ugeuke. Jambo la hatari zaidi: jicho liko juu ya mtutu. Unaweza kuwa unamwona ndege vizuri juu ya ukingo wa dirisha huku mdomo wa bunduki ukiwa bado chini, unaitazama nguo. Mdomo wa bunduki utoke nje kila mara. Mimi nimepanda vijiti viwili mbele yangu kwenye hatua thelathini, na ndege aliye nyuma ya vijiti hivyo simpigi, hata kama ni mnono namna gani, maana atakwenda kufia mbali.

Nimeliacha mwisho lile linalonikosesha usingizi, ingawa ndilo la kwanza kwa uzito. Kificho kizuri kinakuficha kwa watu pia.

Ilikuwa msimu wa pili wa kile kitambaa cha kaki. Nilisikia majani yakivunjika upande wa kushoto, hatua nyepesi, nyingi, kama kundi. Niliinua bunduki. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, kwa sababu nilifundishwa hivyo, na namshukuru Mungu kwa aliyenifundisha. Wakatokea mama watatu na mtoto wa kike wa miaka labda minane, wana vikapu kichwani, wanakwenda kuokota masuku, yale matunda ya porini. Walipita mita kumi mbele yangu wakizungumza. Hawakuniona. Niliposimama na kuwasalimia, mmoja alipiga kelele akaangusha kikapu, na mkubwa wao, mikono yake ikitetemeka, akaniambia: “Baba, siye tulizani ni kichuguu.”

Niliweka bunduki chini, nikatoa kartushi, nikawasaidia kukusanya vyombo vyao. Siku hiyo sikuwinda tena.

Pori la kandokando ya Lubumbashi si pori tupu. Kuna wachoma makala, wakata miti, waokota matunda, watoto wanaotega panya, na mvua zikianza wanakuja waokota uyoga. Kila mmoja ana haki ya kupita kama mimi. Tangu siku ile, jioni ya kuamkia kuwinda napita kwa mwenye shamba, na yeye anapeleka habari kwa majirani kwamba asubuhi kutakuwa na bunduki upande fulani. Na juu ya kichuguu, upande wa njia ya watu, upande ambao kanga hawatokei, nafunga kitambaa cha rangi ya chungwa, kikubwa kama kitenge kizima. Paa akikiona, kwake hakitofautiani sana na majani, macho yake hayatenganishi rangi hiyo. Kanga wangekiona, ndiyo maana kichuguu kiko katikati. Mtu anakiona kutoka mbali, naye anajua kuna mwenzake pale.

Yule mama mkubwa ndiye anayenitafutia masuku sasa. Kila mwaka masuku yakiiva napitia kwake na kanga mmoja, naondoka na kikapu.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue kipi, kwanza namuuliza anawinda nini, wapi, mwezi gani, na atafika kwa nini. Kama ni mtu wa upinde, nami sina ujuzi wa upinde, namwambia atafute kile cha vifundo, kirefu cha kumruhusu kuvuta, na aangalie giza la ndani. Kama anawinda peke yake kwa bunduki kwenye mashamba yetu, namwonyesha kitambaa changu na kumpa jina la mtaa wa yule mama wa cherehani. Wengine wanavunjika moyo, nawaona usoni. Walitaka kitu chenye mfuko wake na picha yake. Mmoja mwaka jana aliagiza cha dola 200 hata hivyo, na ni kizuri, cheusi ndani, rangi ya nyasi kavu nje, na nilimsaidia kukisimamisha. Tulikiacha wazi kwenye ua wa mwenye shamba wiki nzima, mbuzi wakakilamba, kuku wakalala ndani, na Jumamosi yake akapata kwale wawili. Tulifurahi pamoja.

Baba mdogo sasa macho yamepungua, hawindi tena, lakini mwaka huu mwezi wa saba aliniomba nimpeleke. Nilimketisha kwenye kigoda, mgongo kwenye kichuguu, nikapanda vyuma vitano taratibu kuzunguka magoti yake, nikamfungia kitambaa. Alikigusa kwa vidole, nje kaki, ndani bitana. Baridi ilikuwa kali, nikampa koti langu juu ya lake. Tulikaa. Kanga walianza kushuka mtini mmoja mmoja, tukisikia mabawa, na wakaja kwa ile njia yao, na wawili wakatoka kwenye kundi wakaja kuchakura mchwa kwenye matawi, karibu hivi kwamba tulisikia kucha zao kwenye udongo. Nilimgusa bega nikimpa bunduki. Alitikisa kichwa. Alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo, anasikiliza.